Jina juu ya kizingiti

Ukisimama mbele ya mlango wa nakshi Mji Mkongwe, Unguja, usianze na misumari ya shaba. Watembeza wageni wote huanzia hapo, na kisa cha tembo wa Bara Hindi waliokuwa wakizuiliwa kwa misumari mikali huwafurahisha watalii kila siku. Pandisha macho. Pita komeo na pete, pita mfaa unaosimama katikati ya mbao mbili za mlango, ufike kwenye ubao wa kizingiti cha juu. Hapo, kati ya maua na minyororo, milango mingi ya zamani ina maandishi: aya ya Kurani, au bismillahi peke yake, na pengine jina la mwenye nyumba au mwaka wa Hijria. Sehemu yenye maandishi mara nyingi haizidi upana wa kiganja, lakini ndiyo iliyomwambia mpita njia nyumba ni ya nani na mwenyewe amejikinga kwa Nani.

Mimi ni mwalimu wa hisabati wa skuli ya sekondari. Jioni na siku za likizo nachonga vibao vya majina kwa mashine ya CNC, yaani ruta iliyofungwa kwenye reli ikaongozwa na kompyuta. Nilianza kwa kujifurahisha: kibao cha mlango wetu, kisha cha shemeji, kisha cha madrasa ya mtaani. Siku hizi kazi hiyo ya pembeni inasaidia kusomesha watoto. Wazee huniuliza kama mashine haitaua nakshi, nami sikutaka kuwajibu kwa maneno ya muuza duka. Nikaanza kuifuatilia historia ya kazi yenyewe, vitabuni na vibarazani. Nilitaka kujua jambo moja hasa: katika ubao ule wa kizingiti, nani alikuwa akifanya nini, na mteja alikuwa akilipia kitu gani.

Kuchonga jina na tarehe ni kazi ya kale pwani kuliko mlango wowote uliobaki. Nenda Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja. Kwenye kibla cha msikiti wa huko kuna maandishi ya khati ya kufi yaliyochongwa katika matumbawe, yakitaja mwezi wa Dhulqaada mwaka 500 Hijria, sawa na 1107 Miladia, pamoja na jina la aliyeamrisha ujenzi. Matumbawe yakitolewa baharini huwa laini, yanakubali kisu. Yakishakaa juani hukauka yakawa mawe kweli. Mchongaji wa wakati ule, basi, hakuwa na nafasi ya kusitasita. Ilimpasa awe na maandishi kamili mbele yake kabla hajagusa jiwe, kwa kuwa jiwe lenyewe lilikuwa likizidi kuwa gumu mikononi mwake.

Mti haukubahatika kudumu hivyo. Mchwa, chumvi na mvua za masika vimekula karibu milango yote ya karne za mwanzo. Kwamba ilikuwepo, na ilikuwa mizuri, tunajua kwa Mreno Duarte Barbosa, ambaye mwanzoni mwa karne ya 16 aliielezea Kilwa na kuitaja milango yake ya mbao iliyochongwa vizuri na kuungwa kwa ustadi. Sentensi moja tu ya mgeni, na kwayo tunapata habari kwamba ufundi huu haukuletwa juzi na mtu mmoja wala taifa moja. Kaskazini, Siyu na Pate ziliendelea kutoa mafundi kwa karne kadhaa: wa mbao, wa ngozi, wa pembe, na wanakili wa misahafu. Hao wa mwisho ni muhimu katika habari yangu. Mji uliokuwa na watu wa kuandika khati nzuri ndio uliokuwa pia na watu wa kuichonga.

Milango tunayoiona leo Unguja ni ya karne ya 19 kwa sehemu kubwa. Sayyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake kisiwani katika miaka ya 1830, karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa zilimimina fedha mjini, na fedha hiyo ikajenga nyumba za mawe zenye milango ya kushindana. Sipendi kuisimulia nakshi hii bila kutaja watumwa. Nyumba ya Tippu Tip pale Shangani ina mlango ambao kila mpenda nakshi husimama kuutazama. Mwenye nyumba alikuwa mfanyabiashara wa pembe na wa watu. Uzuri wa ubao hauondoi hilo, na mwalimu anayewapeleka wanafunzi pale akanyamaza anawanyima nusu ya somo.

Msafiri Richard Burton, aliyepita Unguja mwaka 1857, aliona kwamba ukubwa wa mlango, uzito wa kufuli na unene wa misumari vilikuwa kipimo cha heshima ya mwenye nyumba. Hakukosea. Mlango ulikuwa ndio kitu cha kwanza kuagizwa, na inasimuliwa kwamba mara nyingine ulisimamishwa kabla ya ukuta kupanda, ukuta ukaufuata. Mbao iliyopendwa sana ilikuwa msaji kutoka Bara Hindi, mti ambao wauza mbao wetu leo wanauita mtiki. Una mafuta yake ya asili, mchwa haupendi, na haupindipindi ovyo msimu ukibadilika. Asiyeumudu alitumia mfenesi wa shambani, ambao ukiwa mbichi ni wa manjano na ukizeeka unaiva rangi ya asali.

Mitindo nayo ilisogea. Kizingiti kilichonyooka, chenye maua ya duara na mstari wa maandishi, ndicho kilichotangulia. Kisha likaja tao, likiwa limejaa majani na maua yanayofuatana mpaka hakuna pa kupumzisha jicho. Mabadiliko hayo huhusishwa zaidi na zama za Sayyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Barghash alikuwa amekaa Bombay, alikopelekwa uhamishoni kati ya 1859 na 1861 baada ya kujaribu kumpindua ndugu yake Majid, na aliyoyaona huko aliyakumbuka alipopata kiti. Mafundi wa Kihindi walikuwa tayari mjini, na utajiri wa kuwalipa ulikuwepo. Mwaka 1883 likasimama jumba la Beit al-Ajaib, na milango yake mikubwa ikapambwa kwa aya za Kurani zilizotiwa dhahabu. Kwa rai yangu hapo ndipo maandishi ya mlangoni yalipofika kilele chake. Wachukuzi, mabaharia na mabalozi waliopita mbele ya jumba lile waliona neno likiwa juu ya kila pambo jingine.

Sasa nirudi kwenye swali langu. Kuna fundi mmoja wa Malindi, mtu mzima sana, ambaye baba na babu yake walikuwa wachonga nakshi. Nilikwenda kwake kwa mara ya kwanza nikiwa na hofu, maana nilikuwa nimebeba kibao nilichokitoa mashinani. Nilipomwamkia aliitikia, akakichukua kibao, akakipitisha kidole gumba ndani ya herufi, akakigeuza atazame mbao kwa nyuma.

“Maalim, maandishi haya ni ya nani?” akaniuliza.

Nikamwambia nimeyachukua kwenye kompyuta.

“Basi hayana mwenyewe. Kwetu sisi maandishi yalikuwa na mwenyewe.”

Akanieleza walivyofanya. Mwenye nyumba alikwenda kwa sheikh au mwalimu wa chuo mwenye mkono mzuri, naye akamwandikia kwa wino kwenye karatasi, kwa kipimo cha ubao. Karatasi ikaletwa kwa fundi, ikabandikwa juu ya mti kwa uji wa unga wa ngano, na fundi akakata juu yake. Aliyeandika alikuwa mtu mmoja na aliyechonga mwingine. Fundi asiyejua Kiarabu aliweza kuchonga aya nzima bila kosa, kwa sababu kazi yake ilikuwa kuifuata kingo ya wino, si kuibuni. Na maua je? Akavuta sanduku chini ya benchi. Ndani mlikuwa na vigezo vya kila namna: karatasi ngumu za maboksi, vipande vya bati jembamba, na picha za zamani za eksirei zilizokatwa mashimo ya petali na majani. Juu ya kipande kimoja bado ulionekana ubavu wa mgonjwa asiyejulikana, na katikati yake tundu la ua la petali nane. Kigezo kinawekwa kwenye ubao, penseli inapita, kinasogezwa hatua moja, penseli inapita tena. Mnyororo wote wa pambizo unatokana na pete moja iliyokatwa mara moja.

Baada ya hapo ndipo patasi inapoingia. Nilimtazama akichonga jani moja. Kwanza alisimamisha patasi wima juu ya mstari na kuigonga kwa nyundo ya mti, kidogo kidogo, mpaka jani zima likazungukwa na mfereji mwembamba kama uzi. Kisha akailaza patasi na kuchimba usuli, yaani sehemu ya chini inayozunguka jani, akienda na nyuzi za mti na kamwe si dhidi yake. Jani likabaki juu. Mwisho akaligawa kwa mkato wa kati na kuteremsha kila upande kuelekea ukingoni, na hapo kivuli kikaingia. Kazi ya kuchimba usuli ndiyo inayokula muda mwingi kuliko zote, na ndiyo isiyo na sifa. Vijana wanaojifunza hupewa hiyo. Yeye mwenyewe aliifanya kwa miaka kabla ya kuruhusiwa kugusa jani.

Kwa hiyo mchongaji wa zamani hakuwa mtu anayetoa ua kichwani kila asubuhi. Alikuwa na vigezo, alikuwa na mwandishi, alikuwa na vijana wa kuchimba. Kilichokuwa chake peke yake ni kujua mti, kina na kivuli. Hili si dogo. Lakini ni kitu tofauti na kile watu wanachodhani kimepotea.

Pwani haikuweka majina kwenye milango tu. Majahazi ya Lamu yalibeba, na bado yanabeba, mbao za jina zenye nakshi, na Matondoni, kijiji cha waunda vyombo, mikono ile ile inayopasua mbao za jahazi inaweza kuchora nyota na mwezi mwandamo. Kule Nungwi kwetu vyombo vinaundwa ufukweni mpaka leo. Jina la chombo halikuwekwa kwa pambo tu: nahodha alitambuliwa kwa chombo chake bandarini.

Lakini mtu anayetaka kujua kazi ya mapumziko inavyogeuka biashara pwani na bara asiishie Unguja. Atazame Ukambani. Mutisya Munge wa Wamunyu alikuwa akichonga vitu vya matumizi ya nyumbani kwao kabla ya Vita vya Kwanza vya Dunia. Vita vikamfikisha upande wa Tanganyika, na huko akaona wachongaji wa sanamu. Wapo wanaosema ni Wazaramo, wapo wanaosema ni Wamakonde. Aliporudi akaanza kuchonga za kuuza, akawaonyesha jamaa zake, jamaa wakawaonyesha majirani, na baada ya miaka michache Wamunyu ikawa na watu wanaolima msimu wa mvua na kuchonga msimu wa kiangazi. Mwaka 1963 wachongaji wa Kikamba wa Mombasa wakaunda chama chao cha ushirika, Akamba Handicraft, pale Changamwe. Twiga, swala, vijiko vya saladi: vitu vile vile, kwa maelfu, na kila familia ikiwa na mnyama wake iliyemzoea. Wapo wanaowabeza kwa kurudia. Mimi siwabezi. Kurudia ndiko kulikowalisha, na mkono uliochonga swala elfu moja unamjua swala.

Kilichowaumiza kilikuwa mti. Muhugu, uliopendwa kwa kuwa ni mgumu na unang'aa, ulikatwa kuliko unavyoweza kuota. Ni mti unaokua polepole mno. Mpingo nao hivyo hivyo. Kufikia miaka ya 1990 wahifadhi walikuwa wakiwahimiza wachongaji wa Kenya wahamie kwenye mwarobaini, mwembe na jakaranda, miti inayokua haraka na iliyojaa mashambani. Somo hilo nalichukua kama lilivyo. Vibao vyangu vingi ni vya mwembe uliozeeka ukaacha kuzaa, vya mfenesi, au vya mtiki wa mashamba ya serikali ya Longuza kule Muheza. Kazi ya ndani ya nyumba naifanya kwa mpaini wa Sao Hill. Mninga naununua kwa nadra, na mpingo siununui.

Huku Unguja, baada ya Mapinduzi ya 1964, wateja wa milango walitoweka. Wenye majumba wengi waliondoka, nyumba zikawa mali ya serikali, familia kadhaa zikagawana vyumba vya jumba moja, na hakuna aliyekuwa na sababu ya kuandika jina lake juu ya mlango usio wake. Milango mingine iliuzwa, mingine ikasafirishwa nje, mingine ikaoza ilipo. Mwaka 1985 ikaundwa mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe, na mwaka 2000 mji ukaingia katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO. Utalii ukaja na oda mpya: hoteli za mashamba na za ufukweni zilitaka milango ya nakshi, makasha yenye bati za shaba, vitanda vya samadari, fremu za vioo. Mafundi wakapata kazi tena, na nashukuru kwamba walipata.

Nina jambo moja la kusema juu ya milango hiyo ya hoteli. Haina jina. Tembea pwani ya mashariki utazame vizingiti vyake: ua katikati, maua pembeni, na pale palipokuwa na maandishi pamejazwa majani, au pameachwa tupu. Mteja mpya hakuhitaji kusema yeye ni nani. Alihitaji mlango unaofanana na Unguja. Mimi naona hilo lilikuwa pigo kubwa kwa nakshi kuliko mashine yoyote, kwa sababu lilimwondoa mwandishi kabisa. Mchongaji alibaki na vigezo vyake, lakini yule mwenye kalamu ya mwanzi hakuitwa tena.

Mashine ninayoitumia haikubuniwa kwa ajili ya mbao. Mwishoni mwa miaka ya 1940, John Parsons wa Traverse City, Michigan, alikuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Shida yake, na hili lilinigusa niliposoma, ilikuwa vigezo: umbo la panga lina mkunjo ambao fundi hawezi kuukisia kwa jicho, na kigezo kikikosewa panga zima linakosewa. Akatumia mashine za kukokotoa za IBM, zenye kadi za matundu, apate nukta nyingi juu ya mkunjo, kisha mafundi wakaipeleka biti, yaani jino la kukatia, kwenye nukta moja baada ya nyingine. Jeshi la anga la Marekani likampa mkataba mwaka 1949, chuo cha MIT kikaingia, na mwaka 1952 MIT ikaonyesha mashine ya kukata chuma inayosoma amri kutoka kwenye utepe wa karatasi wenye matundu.

Kwa miongo mingi kitu hicho kilibaki cha viwanda vikubwa. Katikati ya miaka ya 1990 Ted Hall, mtafiti wa ubongo wa Chuo Kikuu cha Duke, North Carolina, alitaka kujiundia mashua za plaiwudi nyumbani. Alipoona bei ya mashine za viwandani akajitengenezea yake, na kutokana nayo akaanzisha kampuni ya ShopBot. Ndiye ninayemfikiria kila mtu anaponiambia kwamba kazi ya mapumziko si kazi. Halafu mwaka 2009 Mnorwe Simen Svale Skogsrud akatoa bure programu ndogo, Grbl, inayoendesha mashine kwa kibao cha elektroniki cha Arduino kinachoenea kiganjani. Viwanda vya China vikaichukua, na mashine za mezani zikaanza kuuzwa kwa bei ambayo mwalimu anaweza kuidunduliza. Ya kwangu ya mwanzo ilikuwa na kitanda cha takriban sentimita 30 kwa 18. Karakana za samani za Dar es Salaam zina mashine kubwa zinazomeza ubao mzima wa futi nane kwa nne. Tofauti iko kwenye ukubwa na nguvu. Lugha ni ile ile.

Na lugha yenyewe ni hisabati ya kidato cha pili. Mstari mmoja wa amri unasema G1 X30 Y12 Z-4: nenda kwa mstari ulionyooka mpaka milimita 30 kulia, 12 mbele, 4 chini ya uso wa ubao. Herufi moja ya jina inaweza kuwa na mamia ya mistari kama hiyo. Kwa kuandika majina natumia biti yenye ncha ya V. Hiyo haikati kina kimoja: herufi inapopanuka inazama, inapokonda inapanda juu, ndiyo maana mwisho wa herufi unachongoka kama uliomalizwa kwa patasi. Kina kinatokana na pembe ya biti. Kwa biti ya nyuzi 90, sehemu ya herufi yenye upana wa milimita 10 inahitaji kina cha milimita 5. Kwa biti ya nyuzi 60 inahitaji karibu 8.7, na kivuli kinakuwa kizito zaidi. Wanafunzi wangu waliokuwa wakiniuliza tanjenti ina faida gani nimewaletea kibao darasani, wakapima wenyewe kwa rula.

Kiarabu ndicho kilichonirudisha kwenye maneno ya yule mzee wa Malindi. Programu nyingi za kuchonga zilitengenezwa na watu wasioandika kutoka kulia. Ukiweka jina Rashid kwa herufi za Kiarabu, unaweza kupata herufi zimetengana, kila moja imesimama peke yake kama wageni wasiojuana, tena zimepangwa kutoka kushoto. Msomaji wa chuo, hata mtoto wa juzuu amma, ataona aibu kulisoma. Na hata pale programu inapounganisha sawasawa, herufi za kompyuta zimetengenezwa kwa karatasi: nukta zake ni ndogo, shingo zake ni nyembamba, na mti unazimega. Nukta ya herufi ikimegeka, “tha” inaweza kusomeka “ta”, na jina si lile tena.

Kwa hiyo nilifanya kama walivyofanya mafundi wa zamani. Nilimtafuta mwalimu wa madrasa mwenye mkono wa khati ya thuluthi. Nampa kipimo cha ubao, anaandika kwa kalamu ya mwanzi na wino mweusi, kwa ukubwa mara mbili ya unaotakiwa. Naipiga picha karatasi bapa, kompyuta inafuata kingo ya wino na kuigeuza mistari, nami nakaa kuisafisha nukta kwa nukta, kwa sababu kompyuta haijui tofauti ya mtetemeko wa karatasi na mpindo aliouweka mwandishi kwa makusudi. Hapo ndipo inapokwenda saa nyingi. Mashine ikishaanza kukata, naweza kwenda kuswali alasiri na kurudi. Katika historia yote niliyoisoma, mwenye kalamu na mwenye patasi walikuwa wawili, na mashine imekaa mahali pa patasi, hasa mahali pa yule kijana aliyekuwa akichimba usuli. Kalamu haijapata mbadala.

Aya za Kurani nazichonga kwa masharti. Haziwekwi kwenye kibao cha chini, wala cha choo, wala cha mahali panapouzwa pombe. Vipande vya majaribio vyenye jina la Mungu sivitupi jalalani. Vinachomwa, na jivu linafukiwa. Mteja mmoja wa hoteli alikasirika nilipomkatalia, akaondoka na kazi yake. Sijutii.

Wateja wenyewe ni wa aina nyingi kuliko nilivyotarajia. Nyumba za wageni za Paje na Jambiani zinataka majina ya vyumba. Misikiti inataka vibao vya mahali pa kuvulia viatu na nyakati za sala. Wenye vyombo vya watalii Nungwi wanataka majina ya mashua, na hao nawachongea kwa mtiki tu na skrubu za shaba, maana chuma hushika kutu kwa chumvi kabla ya masika ya pili. Lakini wanaonipa furaha zaidi ni jamaa zetu wa Maskati. Ni familia ambazo wazee wao waliondoka hapa katika miaka ya 1960, wanazungumza Kiswahili majumbani mwao mpaka leo, na wanaagiza ubao wenye jina la babu na jina la mtaa aliozaliwa: Mkunazini, Kiponda, Vuga, Baghani. Wengine wanataka mwaka wa Hijria chini yake. Jina lililoondoka mlangoni linaandikwa tena, safari hii ukutani, ng'ambo ya bahari.

Bei nimejifunza kuipanga kwa kuitenga kazi sehemu sehemu: mbao, biti inayochakaa, umeme, kupaka mafuta, muda wangu wa kusafisha mistari, na mkono wa mwandishi. Wanaoanza kazi hii huhesabu mbao na umeme tu, wakashangaa mbona hawabaki na kitu. Mwandishi namlipa siku anayonikabidhi karatasi, kabla sijanunua mbao, na jina lake linachongwa dogo nyuma ya ubao pamoja na langu. Milango kamili siikubali peke yangu. Nachimba usuli kwa mashine, kisha ubao unakwenda Malindi, na mzee na mjukuu wake wanaumaliza kwa patasi: kuteremsha majani, kukaza kingo, kutoa alama za biti. Mjukuu huyo alikuwa ameacha nakshi akaendesha bodaboda kwa kuwa hakuwa tayari kuchimba usuli miaka mingi kama babu yake. Amerudi benchini.

Vijana wawili niliowasomesha wananifuata sasa wajifunze mashine. Kabla sijawaruhusu kuiwasha nimewapeleka kwa yule mwalimu wa thuluthi wakakae na kalamu, na kwa mzee wakajifunze kuutambua mti kwa uzito na harufu. Mmoja alinung'unika. Mwingine ameanza kupata wateja wake mwenyewe Nungwi, na wiki iliyopita alikuja kuniazima biti ya nyuzi 60 kwa ajili ya jina la ngalawa.